Mahojiano ya Kazi: Habari za Mtoto Zitajwe Lini?

"Na huyo mtoto utamwachia nani?"

Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe. Nilikuwa mgeni katika jopo la kuajiri la kampuni moja hapa Nairobi, na mbele yetu alikuwa amekaa dada aliyetuambia, bila kuulizwa, kwamba ana mtoto wa miezi minane. Nikadhani namhurumia. Alijibu vizuri tu kwamba mtoto anakaa na nyanya yake, lakini mazungumzo hayakurudi tena kwenye hesabu za stoo, ambazo ndizo zilizomleta. Kazi akapewa mwingine. Alasiri hiyo hiyo tulimhoji baba wa watoto watatu. Aliwataja kwa fahari, na mwenzangu mmoja akaandika pembeni mwa karatasi yake: "Ametulia."

Siku hizi kazi yangu ni kuwaandaa watafuta kazi, katika kitengo cha ushauri wa ajira cha chuo kimoja jijini. Kina mama hawaachi kuniuliza: niseme nina mtoto, au ninyamaze?

Mimi huwaambia hivi: katika mahojiano ya kwanza, usilianzishe wewe. Mwajiri anayo haki ya kujua kama utafika saa mbili kasoro kila siku na kama utaweza zamu ya Jumamosi. Yote hayo yanajibika bila mtoto kutajwa hata mara moja.

Kwamba mama na baba hupimwa kwa mizani tofauti si dhana yangu. Mwaka 2007, Shelley Correll na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha utafiti ambapo maombi ya kazi ya watu wa kubuni, wenye sifa zinazolingana, yalitumwa kwa waajiri halisi. Mzazi alitambulika kwa dokezo dogo tu, kwamba alihudumu katika chama cha wazazi shuleni. Wanawake wasio na dokezo hilo waliitwa takriban mara mbili zaidi ya wale waliokuwa nalo. Kwa wanaume, dokezo lile lile halikuwaharibia kitu. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watathmini walipendekeza mama aanze na mshahara wa chini kwa takriban dola 11,000 kwa mwaka kuliko mwanamke asiye na mtoto, huku baba akipendekezewa zaidi kuliko mwanamume asiye na mtoto. Hiyo ni Marekani, naam. Lakini nilipousoma nilikumbuka lile neno "ametulia".

Sheria yetu iko upande wako kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, miongoni mwa mengine. Kifungu cha 31 kinamlinda kila mtu asidaiwe habari za familia yake pasipo sababu. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa peke yake; na kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu hali ya ndoa na majina ya watoto kuwa data nyeti, sawa na habari za afya yako. Kwa hiyo ile mistari ya "Hali ya ndoa: Nimeolewa. Watoto: 2" tuliyofundishwa kuiweka juu kabisa ya wasifu, ifute leo.

Haki ni kitu kimoja, na kukaa mbele ya watu wanne Upper Hill ukiihitaji ile kazi ni kingine. Wakikuuliza je? Kumsomea bosi mtarajiwa vifungu vya Katiba hakujawahi kumsaidia mtu yeyote niliyemwandaa. Wala usidanganye, kwa sababu Nairobi ni kijiji na uongo huo utakufuata ofisini. Jibu lile linalowahangaisha hasa, yaani saa za kazi: "Nimeangalia ratiba mliyotangaza, pamoja na zamu za usiku, na mipango yangu ya nyumbani inairuhusu. Ningependa kujua zamu hupangwa mapema kiasi gani." Sentensi ya mwisho inawarudisha kwenye kazi. Swali likikuudhi, andika ukishatoka: nani aliuliza, maneno gani, siku gani. Maandishi hayo ndiyo utakayohitaji ukiamua kwenda kwa afisa wa leba au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.

Kuna hali moja ambapo mimi mwenyewe humshauri mtu aseme. Ikiwa wasifu wako una pengo la miaka miwili au mitatu, jopo litalijaza kwa mawazo yake, na mawazo ya jopo huwa mabaya kuliko ukweli. Sema kwa ufupi: "Nilikaa nyumbani nikilea. Sasa mtoto ameanza shule nami nimerudi." Kisha nenda moja kwa moja kwenye ulichofanya karibuni, iwe kozi, kibarua au vitabu vya hesabu vya chama cha akiba. Wanaoharibu ni wale wanaoomba radhi kwa dakika tano.

Mjamzito halazimiki kutangaza kwenye mahojiano. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, ya baba ni wiki mbili, na sheria inadai notisi ya maandishi ya siku saba au zaidi. Siku saba ni chache mno kwa mtu anayetaka kuishi vizuri na mkubwa wake, kwa hiyo zungumza naye mapema zaidi, ila barua ya ajira ikiwa imeshatoka.

Na hiyo barua ndiyo inayobadilisha kila kitu. Kati ya kuipokea na kuitia sahihi kuna siku chache ambapo wao ndio wanaokutaka, na hapo ndipo mama anayetoka Kayole kwenda Westlands anapoweza kusema wazi kwamba deikea anakomwacha mtoto hufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwamba angependa kuingia saa tatu na kutoka saa kumi na mbili. Anayenyonyesha aulize chumba kiko wapi: Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, pamoja na muda usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Makubaliano yaandikwe, hata kwa barua pepe ya mistari miwili.

Majina ya watoto yatahitajika wiki ya kwanza kazini, ukijaza fomu ya bima na kuwasajili wategemezi wako SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hapo yaandike yote.