Mzee wa Hamna na mizani ya tisa

Kila mwaka, shule zikifunguliwa Januari, naletewa mwanafunzi mmoja mkejeli. Hajapigana, hajaiba, hajakutwa na bangi. Mwalimu wa darasa anamsukuma mlangoni kwangu na kusema, "Madam, huyu amenishinda. Haheshimu kitu." Ukimuuliza haheshimu vipi, mwalimu anakwama, maana mtoto anaamkia vizuri na shati amechomekea. Ila kila linalosemwa mbele yake, yeye ameshalicheka kabla halijaisha.

Mimi ni mnasihi. Nafanya kazi na vijana wa sekondari upande wa Temeke na Mbagala, Dar es Salaam, na ofisi yangu ni chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Bado kinanuka karatasi iliyolowa. Wazazi huniuliza sana kijana wa namna hii anabadilikaje, na wengi wanadhani ni kazi ya maneno: apatikane tu mtu wa kukaa naye chini. Na mimi nilidhani hivyo. Nitakayemweleza hapa nimemchanganya na vijana wengine wawili, na alama za kumtambua nimezifuta. Darasani walimwita Mzee wa Hamna. Una shida gani? "Hamna." Nyumbani kuna nini? "Hamna." Ukimaliza shule unataka kuwa nani? "Hamna kitu huko, Madam."

Siku ya kwanza alilitazama bango lililobandikwa ukutani kwangu, Elimu ni Ufunguo wa Maisha, akasema taratibu, "Kufuli walishabadilisha." Ni mzaha uliozeeka mtaani, hata makonda wanaujua, lakini aliusema bila kutabasamu na mimi nikacheka. Halafu nikaharibu. Nilimhutubia dakika ishirini nzima. Nikamtajia watu waliotoka familia duni wakafika mbali, nikamwambia maisha ni wewe mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama abiria anayemsubiri muuza dawa ya kunguni amalize ashuke. Wakati anatoka akasema, "Asante Madam, umeongea vizuri." Nilielewa usiku, nikiwa naosha vyombo, kwamba hiyo nayo ilikuwa kejeli.

Mzazi akimwona kijana wa hivi husema haamini kitu. Mimi kwa miaka niliyokaa nao naona wengi wao waliwahi kuamini kupita kiasi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu wangu, akiwa darasa la tano, baba yake alimwahidi kuja kumchukua likizo ya mwezi wa sita. Alioga asubuhi, akakaa kibarazani na begi mapajani mpaka adhana ya magharibi. Mama yake ndiye aliyenisimulia. Yeye hakuwahi kuligusia. Tangu hapo kila ahadi akawa anaichekea mapema, ili ikivunjika imkute ameshacheka. Juu ya hilo kuna kaka yake mwenye digrii anayeendesha bodaboda, na kijana wa miaka kumi na sita akikuuliza kuhusu kaka wa hivyo, hotuba yako yote inageuka moshi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi walimu hatupendi kulisema, la lugha. Mwaka 2016 ada iliondolewa shule za serikali mpaka kidato cha nne, na madarasa ya Mbagala yamejaa watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Vizuri sana. Lakini mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Yule aliyekuwa ananyoosha kidole mpaka anasimama kwenye dawati, sasa kimya. Anajua jibu, anakosa njia ya kulitoa. Baada ya miezi kadhaa anagundua kuna kitu kimoja bado anakiweza kwa lugha yake, nacho ni kuichekesha safu ya nyuma. Nikiletewa mkejeli wa kidato cha tatu, siku hizi swali langu la kwanza ni alishika nafasi ya ngapi darasa la saba. Huyu alikuwa wa pili.

Mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa rika balehe huishi mbele ya hadhira ya kufikirika: anaona kama watu wote wanamtazama, wanaipima nywele yake, wanasubiri ateleze. Mwanzoni nilipenda sana nadharia hii. Ila nadhani Elkind hakuwahi kukaa darasa la kwetu, ambako hadhira ipo kabisa, imebanana watatu watatu kwenye dawati moja na inatunza kumbukumbu. Hata hivyo hoja yake inanisaidia. Kejeli ni mchezo wa jukwaani. Mtu mzima anayebishana na mkejeli mbele ya wenzake anampa kipaza sauti, na anayemfokea anampa kipaza sauti na taa.

Aliyemshusha jukwaani hakuwa mimi. Kidato cha tatu alihamia kijana kutoka Kilwa, akifikia kwa mjomba wake Mbagala. Kijana mzito kidogo wa kuongea, mwenye kasoro moja ambayo wenzake waliiona ni ushamba: alikuwa hajui kejeli. Ukimwambia neno alilichukua kama lilivyo. Siku moja wako mstarini, jua la saa nne, tangazo haliishi. Mzee wa Hamna akanong'ona, "Mkuu anatupenda sana, ona anavyotuanika." Safu nzima ikabana kicheko. Mgeni akamtazama mkuu, akafikiri, akasema, "Linamchoma na yeye." Basi. Hakucheka, hakukasirika, hakujaribu kumshinda. Mzee wa Hamna aliniambia baadaye, "Madam, yule ukimtupia mpira hadaki wala haurudishi. Unabaki unaangalia mpira chini."

Urafiki wao ulijengwa njiani. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na konda akiona sare nyingi kituoni anasema wawili tu, wengine subirini gari la nyuma. Gari la nyuma nalo linasema hivyo hivyo. Wakawa wanatembea. Kwa wavulana hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mvulana ukimketisha mkatazamana anafunga mdomo. Mwache atembee bega kwa bega na mwenzake, macho yako mbele, kokoto inapigwa teke, na baada ya kilomita mbili anasema la moyoni kana kwamba linamhusu mtu mwingine. Ninachokifanya mimi na viti viwili na kisanduku cha leso, barabara ya vumbi inakifanya bila mshahara.

Jumapili rafiki alikwenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, na mjomba wake, mchuuzi wa samaki, akaanza kumbeba na mwenzake. Saa kumi alfajiri wako kituoni. Mjomba anaingia mnadani, vijana wanahangaika na barafu na ndoo za vibua. Jumapili ya kwanza rafiki akamkabidhi hela, "Kanunue barafu, mimi nawahi foleni ya kuparia samaki," akaondoka. Mzee wa Hamna akabaki ameshika hela za watu katikati ya Feri. Aliporudi na barafu akatoa chenji. Mwenzake akaitia mfukoni.

"Hakuihesabu," aliniambia.

Aliniambia hivyo wiki ile. Akarudia baada ya wiki mbili, nikiwa nimemuuliza habari nyingine kabisa. Mara ya tatu niliandika kwenye daftari langu, nikapigia mstari. Kijana aliyejiandaa kudhaniwa mwizi, akawa na majibu yake ya kejeli tayari mdomoni, alikosa wa kumrushia.

Daktari wa akili wa Marekani, Harry Stack Sullivan, aliyefariki 1949, alishikilia kwamba kabla mtu hajaweza kupenda, hupitia kwanza rafiki mmoja wa jinsia yake, wa chanda na pete, ambaye raha yake anaihesabu kama yake. Aliliweka hilo utotoni, kabla ya balehe. Kwa vijana ninaowaona mimi mara nyingi linachelewa, na kwa wengine halikuja kabisa, wakarukia mapenzi wakiwa hawajui hata kumsubiri mtu kituoni. Wale ndio wananitia hofu. Huyu alikuwa amepata mwaka mzima wa kusubiriwa na kusubiri.

Msichana alikuwa wa tuisheni ya Jumamosi, mkali wa hesabu. Alianza kwa kumkata. Mzee wa Hamna alitoa mzaha kuhusu mwalimu, watu wakacheka, msichana bila kuinua kichwa kwenye daftari akasema, "Hiyo ulishaisema wiki iliyopita." Kwa mkejeli hakuna kofi kama hilo. Wiki zilizofuata wakaanza kusaidiana, kijana akifundishwa hesabu na kufundisha Kiswahili, na siku moja msichana akamuuliza, "Unayoyachukia nimeshayajua yote. Unapenda nini?" Kijana akakosa jibu. Aliniletea swali lile kama mtu anavyoleta redio iliyoharibika.

Hapa walimu wenzangu wananisubiri na fimbo. Kwetu shuleni neno mapenzi likitajwa, mtu mzima anasikia mimba na kesi, na simcheki, kwa sababu tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi kwenye shule ya kawaida. Niliongea na kijana kuhusu mwili na sheria wazi wazi, bila mafumbo. Nikahakikisha wanakutana kwenye baraza la tuisheni mchana watu wakiwepo, na mama wa msichana anajua. Baada ya hapo nikaona kumpiga kijana kwa sababu ameanza kumjali mtu ni kumrudisha kibarazani na begi lake.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa vipande, na yalirudi nyuma mara nyingi. Wiki moja anafua sare mwenyewe Ijumaa usiku. Wiki inayofuata anamtukana rafiki yake mbele ya watu kuonyesha kwamba bado ni yule yule, halafu analala na homa ya aibu. Mama yake aliniambia, "Madam, siku hizi ananiuliza nimekula?" Alisema kama analalamika.

Siku ninayoikumbuka zaidi alikuja saa ya mapumziko, hakukaa. Akauliza, "Madam, 'nakupenda' ina mizani mingapi?"

"Ya nini?"

"Kazi ya Kiswahili."

Nikamwambia tuhesabu. Akakunja vidole, na vidole vilikuwa na harufu ya Feri kwa mbali: na, ku, pe, nda. Nne. Akashusha pumzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, silabi nane kwa nane, vina amevipanga kwa rula. Mshororo wa kwanza ulisomeka: Sikujua kuamini, hadi uliponitazama.

Kipande cha kwanza kilikuwa sawa, nane. Cha pili tulihesabu mara mbili. Tisa.

"Umezidisha mmoja," nikamwambia. "Weka 'hadi uliponiona'. Inakaa nane kamili, kina utakitafuta."

Akaitazama karatasi muda mrefu. Kijana huyu tangu nimjue hakuwahi kutetea kitu mbele yangu, alijua kubomoa tu. Akasema, "Kuona si kutazama, Madam. Watu wote wananiona." Akaikunja karatasi na mizani yake tisa, akaenda zake. Mwalimu wa ushairi angemkata alama. Mimi nilifunga mlango nikakaa.

Katikati ya kidato cha nne baba wa msichana, mtumishi wa serikali, alihamishiwa Dodoma na familia ikamfuata. Kwa mwezi hivi walitumiana ujumbe kwa simu za mama zao, halafu ujumbe ukaanza kupungua, kisha ukakatika. Wazazi wakati huu husema ni utoto tu, utapita. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Naomi Eisenberger na wenzake, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha wakaacha kuwarushia. Sehemu za ubongo zinazohusika na machungu ya mwili ndizo zilizoamka. Na pale waliwatenga kwa mpira wa kuchora, wachezaji wenzao hawakuwepo hata. Tangu nilipousoma utafiti ule sijamwambia kijana kwamba ni utoto.

Nilimwita. Niliogopa kweli kweli, maana begi lilikuwa limerudi kibarazani, na kama kuna siku ya "hamna" kurudi na kukaa moja kwa moja ilikuwa ile. Akakaa. Mdomo wangu ulikuwa na hotuba nzuri, nikaimeza. Feni ilizunguka. Nje watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanagombea bomba la maji.

Nikamuuliza, "Una nini?"

Kwenye "ha" nilijua linakuja. Likaishia hapo. Akatazama bango la ufunguo wa maisha, akatazama viatu vyake.

"Inauma, Madam."

"Najua."

Tukakaa hivyo mpaka kengele ikapigwa. Alipoinuka nikachungulia dirishani. Rafiki yake wa Kilwa alikuwa getini, mabegi mawili mabegani. Kituoni gari lilisimama, konda akanyoosha kidole kimoja, mwanafunzi mmoja tu. Wakatazamana, wakaliacha likaondoka.