Gundi ya mbao isiyoogopa maji huogopa maji ikiwa mbichi

Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, akichafuka gundi ya mbao isiyoogopa maji, mara nyingi hukimbilia petroli au thina. Haina haja. Gundi nyeupe ya aina hiyo huanza kuyashinda maji ikishakauka. Ikiwa mbichi, maji na sabuni vinatosha. Joto la Dar huikausha upesi, basi loweka nguo papo hapo. Petroli huchubua ngozi, tena hushika moto kirahisi sana!

Iliyokauka mkononi, loweka maji ya uvuguvugu dakika 10, paka mafuta ya nazi, sugua taratibu kwa jiwe la miguu. Kwenye nguo, bandua kwa kisu butu. Alama huenda ikabaki.

Gundi ya poliyurethani, ile inayotoa povu, ni habari nyingine: unyevu ndio huigandisha. Ifute kwanza kwa kitambaa kikavu.