Kesi ya risasi ya maandamano hupotea kabla ya mazishi

Kila baada ya maandamano makubwa, Kenya hugawanyika vilevile. Wako wanaohesabu maiti, wako wanaohesabu maduka yaliyovunjwa. Baada ya Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, mtu yuleyule aliyeuawa aliitwa shujaa kwa jirani mmoja na mhuni kwa jirani wa pili. Mahakama haiwezi kuhukumu kizazi wala kabila. Inataka mtu mmoja, tendo moja, na ushahidi unaoviunganisha.

Tulishaonywa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague walishtakiwa sita, na hakuna aliyetiwa hatiani. Kesi ya mwisho ilikatizwa Aprili 2016. Kilichobaki na meno ni sheria za 2011: ile iliyounda IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, na ile ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ambayo Jedwali lake la Sita linamtaka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake, na mkubwa wake aripoti IPOA kila silaha inapoua au kujeruhi vibaya. Amri kutoka juu si kinga.

Lakini sheria hiyo inahitaji risasi. Mtutu wa bunduki una michirizi ndani, na risasi ikipita huondoka na alama zake. Ndiyo sababu mwili upigwe eksirei kabla ya kupasuliwa, ili ijulikane risasi iko wapi, na daktari aitoe kwa vidole au kwa koleo lililofunikwa mpira. Koleo la chuma lenye meno huchora alama mpya juu ya zile tunazozihitaji. Majeruhi akifanyiwa upasuaji, familia iombe hospitali iandike risasi imekabidhiwa nani, saa ngapi. Risasi ikipita mwilini na kutokea upande wa pili, tegemeo ni ganda lililoanguka barabarani, maana lina alama ya pini ya bunduki. Lipigwe picha mahali lilipo, na kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake, kabla mtu hajaligusa. Chembe za shotigani hazina michirizi ya kulinganisha.

Nguo ndizo hupotezwa zaidi, na inaniuma kwa sababu ni uzembe unaozuilika. Bunduki ikifyatuliwa kutoka karibu sana, masizi na chembe za baruti hubaki kwenye kitambaa, nazo husaidia kupima hoja ya kujitetea. Zisifuliwe. Wauguzi wasikate kupitia tundu la risasi. Zikiwa na damu mbichi zisitiwe kwenye plastiki, zitaoza. Zikaushwe kivulini, kisha kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi.

Familia ina haki ya kuomba daktari wake awepo wakati wa uchunguzi wa maiti. Kwa Waislamu, mazishi ya haraka hayazuii hilo, mradi daktari aitwe asubuhi hiyohiyo. Kufukua kaburi baadaye huhitaji amri ya mahakama, na mwili unakuwa umeshaharibika.

Hata risasi safi haitoshi ikiwa hakuna bunduki ya kuilinganisha nayo. Jibu liko kwenye daftari la silaha la kituo: nani alichukua bunduki ipi, akapewa risasi ngapi, akarudisha ngapi. Malalamiko kwa IPOA yalitaje daftari hilo kwa tarehe na kituo, na yaambatane na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Kwa majeruhi, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, ijazwe kabla kidonda hakijapona.

Video nazo. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Faili la awali libaki kwenye simu iliyolirekodi, na nakala itumwe kama hati. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kutoka kwa anayehusika na kifaa hicho, kwa hiyo video isiyo na mwenyewe huishia kuwa gumzo la mitandaoni.

Mwenye duka naye ana haki yake. Aliyevunja na kuiba ana jina lake, na ashtakiwe kwa alichofanya mwenyewe. Bima za kawaida za moto na wizi mara nyingi hazilipi hasara ya ghasia za kisiasa hadi nyongeza yake iwe imelipiwa, hivyo soma mkataba sasa. Na ikiwa kamera yako inatazama barabara, nakili picha siku hiyohiyo, kwani mashine huandika mpya juu ya zamani. Weka nakala mbili. Moja ni ya OB ya wizi wako. Ya pili ipeleke IPOA, kwa sababu kamera iliyomnasa aliyebeba televisheni yako huenda pia ilimnasa aliyefyatua risasi.