Ugonjwa sugu haujashinda dawa

Wiki iliyopita mama mdogo alinikabidhi simu yake, kitochi chenye kioo kilichopasuka pembeni, nisome meseji iliyotoka kliniki: "Ndugu mteja, una magonjwa sugu. Endelea kutumia dawa." Alikuwa ameshaisoma mwenyewe. Alichotaka ni maelezo.

"Sasa mwanangu, kama yameshakuwa sugu, hizo dawa za kazi gani?"

Ana presha, ana sukari, na anaishi na VVU, ameniruhusu niseme. Swali lake nimeshalisikia kwa watu wengine kadhaa, na kila mara linaniuma, kwa sababu anayeuliza hivyo yuko hatua moja tu kabla ya kuacha dawa.

Ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yake yote, na unaohitaji uangalizi wa mfululizo. Mtu anaweza kuwa nayo mawili, matatu au zaidi kwa pamoja. Meseji kama hii ni sehemu ya afya ya kidijitali, yaani kumhudumia mtu huyo kwa msaada wa simu, kompyuta na vifaa vya kupimia. Maana ni hiyo tu. Kinachosumbua ni neno sugu lenyewe.

Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Mkulima anayo kiganjani kwa sababu ya mpini wa jembe, mwenye kusali sana anayo kwenye paji la uso. Haiji kwa siku moja, na ikishakuwa nene, haisikii maumivu. Hapo ndipo neno lilipogawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilichukua muda: jambo lililokaa, lililojirudia, lisiloondoka. Njia ya pili ilichukua kutosikia: mwizi sugu haonyeki, mdaiwa sugu hata umtumie barua ngapi halipi. Mtaani njia hii ya pili ndiyo iliyoshinda. Ukimwambia mtu ana ugonjwa sugu, anaelewa kwamba ugonjwa wake hausikii dawa, kama mdaiwa asivyosikia barua.

Wataalamu walipotuletea usugu wa dawa, mkanganyiko ukazidi. Usugu wa dawa ni hali ya kimelea kubadilika hata dawa iliyokuwa ikikiua isikiue tena. Aliyekuwa sugu hapo ni kimelea. Presha na sukari havina kimelea cha kuwa sugu. (Ipo presha isiyoshuka hata kwa dawa za aina tatu, lakini hiyo daktari huitaja peke yake baada ya vipimo.) VVU ndicho kinachobeba maneno yote mawili: kuishi nacho ni hali ya muda mrefu, na mtu akirukaruka dozi, kirusi chenyewe kinaweza kuwa sugu kwa dawa. Kwa hiyo mama mdogo, mwenye yote matatu, anahitaji maneno haya yatenganishwe kuliko mtu yeyote. Ameambiwa neno linalomsukuma kuacha dawa, na kuacha dawa ndiko kunakoweza kuleta usugu wa kweli.

Kliniki, muuguzi akiona uso umebadilika anafafanua. Meseji husomwa jikoni, peke yako, na hakuna wa kuuliza.

Kuwa na magonjwa mengi pia si kuyahesabu tu, kwa sababu dawa za huku hugusa za kule. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD cha VVU, huongeza mwilini kiwango cha metformin, dawa ya sukari, ndiyo maana anayetumia zote mbili kwa kawaida hatakiwi kuzidisha miligramu 1,000 za metformin kwa siku. Mfumo wa kompyuta unaoona VVU peke yake hauwezi kumkumbusha daktari jambo hilo.

Mfano wa meseji ninaoupenda ni wa Kenya. Kati ya 2007 na 2009, utafiti wa WelTel uliwafuatilia watu 538 waliokuwa wakianza dawa za VVU. Karibu nusu yao walitumiwa meseji kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa 2010 kwenye jarida la Lancet: kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 62 ya waliopata meseji walikuwa wakimeza dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wasiozipata. "Mambo?" haitaji ugonjwa wowote, hivyo hata simu ikishikwa na mtoto wa jirani, siri haivuji. Utafiti ule ulihusu VVU tu, lakini swali lenyewe linamtosha hata mwenye matatu, kwa sababu linamuuliza yeye na haliulizi kirusi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika meseji hizi, najua nafasi ni herufi 160, na sugu ni fupi. Hata hivyo andikeni "ugonjwa wa muda mrefu". Usugu waachieni vimelea. Na nafasi ikibaki, ongezeni kwamba dawa zinafanya kazi, pamoja na namba ambayo mama mdogo akiipiga itapokelewa.