Je, wajua kwa nini wapangaji wa ardhi wangefaa kuchora Lamu tatu badala ya moja?

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari ya magati 32, reli, bomba la mafuta na barabara za kufika nchi zote tatu. Tangu siku hiyo Lamu ya kesho ikawa na sura moja tu. Madalali wa ardhi waliiamini, na hata wapinzani wa mradi waliichukua kama jambo lililokwisha amuliwa.

Tazama yaliyofuata. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zifutwe hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Ni karibu theluthi moja ya kaunti nzima. Juni 2019 mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na yaliyojengwa hadi awamu ya kwanza kwisha ni matatu. Treni haijaonekana. Kwa hiyo aliyepanga shule, maji au shamba lake kwa kutegemea ile sura moja ameachwa na ramani ya mji usiokuwepo.

Hapo ndipo swali letu linapoingia. Kuna njia ya kupanga ardhi ambayo huanza kwa kukataa kutabiri, na badala yake huchora visa kadhaa vya kesho inayoweza kutokea. Mzizi wake ni wa kijeshi: miaka ya 1950 Herman Kahn, aliyekuwa taasisi ya RAND huko Marekani, aliandika visa vya vita ambavyo huenda vikatokea ili makamanda wasikutwe wamelala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pierre Wack na wenzake waliipeleka kampuni ya mafuta ya Shell, na mafuta yalipopanda bei ghafla mwaka 1973 wakuu wa kampuni hiyo walikuwa wamekwisha kulijadili jambo hilo mezani. Wapangaji wa ardhi nao wakaichukua, wakaongeza kitu ambacho majenerali hawakukihitaji sana: ramani ya kila kisa, kiwanja kwa kiwanja.

Mfano unaosifiwa mno ni wa bonde la mto Willamette, jimbo la Oregon, Marekani. Watafiti na wakazi walichora ramani tatu za mwaka 2050. Ya kwanza iliacha taratibu zilizopo ziendelee, ya pili ililegeza sheria za ujenzi, ya tatu ikaupa uhifadhi uzito zaidi. Ujanja wao ulikuwa mmoja, nao mimi naupenda: idadi ya watu ilikuwa ileile katika ramani zote tatu, karibu mara mbili ya ile ya 1990. Hakuna aliyeweza kusingizia uzazi wala wahamiaji. Tofauti yoyote iliyotokea ilitokana na maamuzi ya watu wenyewe. Katika ramani ya uhifadhi, vipimo vingi vya mazingira vilirudisha kati ya asilimia 20 na 70 ya kilichopotea tangu walowezi kuingia. Lakini matumizi ya maji yaliongezeka katika zote tatu. Kwangu mimi hilo la maji ndilo funzo kubwa kuliko yote, maana lilionyesha kwamba hakuna hata mmoja kati ya waliobishana aliyekuwa na jibu lake.

Sasa tujaribu hapa kwetu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 Lamu, na ya 2019 ikahesabu 143,920. Tuchukue idadi yoyote ya mwaka 2050, tuifunge isibadilike, kisha tuchore. Majina nayabuni mwenyewe. Katika Bandari Tele, magati yanaendelea kujengwa Magogoni, na Hindi na Mokowe zinakuwa mji mmoja wa maghala na nyumba za kupanga. Katika Bahari na Shamba, bandari inabaki ndogo, watalii wanaendelea kuja, pesa zinakwenda kwenye barafu na soko la samaki huko Kizingitini na Faza, na kwenye pamba, ufuta na korosho za Mpeketoni na Witu. Katika Yaleyale hakuna anayeamua kitu: viwanja vinauzwa kimojakimoja, hati zinagongana, na mahakama ndiyo inayopanga mji. Wakubwa huwa hawapendi ramani ya Yaleyale ichorwe, kwa sababu haina mradi wa kuzindua. Nami naona ndiyo ingefaa kuchorwa kwanza.

Ukishakuwa na ramani tatu, unaziuliza maswali yaleyale. Tuanze na maji. Mji wa Lamu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua huzama mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu wa maji ya ardhini, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 chini ya usawa huo. Igeuze hesabu: ukivuta maji hadi yashuke nusu mita juu, chumvi hupanda mita 20 kutoka chini. Mwenye kisima haioni ikija. Siku moja chai inabadilika ladha, basi. Na nyumba zikipanda juu ya vilima vyenyewe, saruji inazuia mvua isizame na mashimo ya choo yanateremsha yake kunako visima. Bandari Tele inaongeza wanywaji, Bahari na Shamba inaongeza wageni wa hoteli, Yaleyale inagawa vilima viwanja. Kama kule Willamette, swali la maji linazishinda zote tatu, na dawa yake haipo ndani ya ramani yoyote kati ya hizo.

Swali la pili ni la wavuvi, na hapa ramani yenyewe ndiyo yenye kasoro. Mpangaji hupaka kila mahali rangi moja: hapa bandari, pale msitu, kule makazi. Bahari ya Lamu haiendi hivyo. Wakati wa kaskazi mwenye mashua hutoka nje ya miamba. Kusi ikivuma, bahari ya nje hukasirika, na wenye vyombo vidogo hurudi ndani, kwenye mikondo na ghuba zilizokingwa na visiwa. Mpimaji akija Januari ataona maji matupu katika ghuba ya Manda, inapojengwa bandari, na kuandika kwamba hakuna anayeyatumia. Angerudi Julai angewakuta. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Sehemu ya uvuvi haina hati miliki, na kisichokuwa na hati hakikuwemo kwenye mchoro tangu mwanzo. Mfugaji anayefuata malisho na Mwaweri, yaani mwindaji na mrina asali wa msitu wa Boni, wana kesi hiyohiyo. Kwa hiyo kila ramani ya Lamu inahitaji nakala mbili, ya kusi na ya kaskazi, hata kama programu ya kompyuta inalalamika.

Hadithi nazo zina kazi yake, kwa sababu watu wachache hubishana na ramani lakini kila mtu hubishana na hadithi. Jirani zetu wa Tanzania waliwahi kuandika visa vitatu vya nchi yao mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaviita Yarabi Toba, Liwalo na Liwe na Amka Kumekucha. Majina ya namna hiyo yanaingia barazani bila mkalimani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaidai kila kaunti mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, unaopitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Wa Lamu ni wa 2016 hadi 2026. Mpango unaoufuata ukiletwa barazani ukiwa na ramani moja, ziombwe zile nyingine. Kisha yatafutwe maamuzi yanayofaa katika zote, meli zije zisije: kupima mpaka wa vilima vya Shela na kutotoa hati ndani yake, kuacha ukanda wa ardhi nyuma ya mikoko ili bahari ikipanda mikoko ipate pa kurudi, na kuandika njia za wavuvi za misimu yote miwili kabla gati la nne halijachorwa.