Nani Anajua, na Tangu Lini: Namna Mbinu za Filamu na Fasihi Zinavyoongoza Hisia za Hadhira

Kifo cha mhusika hakimlizi mtazamaji kwa sababu tu ni kifo. Yapo masimulizi ambamo watu mia wanaangamia katika dakika chache na hadhira ikabaki imetulia, na yapo mengine ambamo mzee mmoja anakunja nguo za marehemu mkewe na kuzipanga sandukuni, pasi na damu wala kilio, na watazamaji wakajikuta wanafuta machozi. Uzito wa tukio hauwezi kueleza tofauti hiyo. Kinachoieleza ni njia ambayo hadhira ilipitishwa hadi kulifikia tukio: ilikuwa inajua nini, iliwekwa karibu na nani, na ilisubirishwa kwa muda gani. Katika mambo hayo matatu, lenye nguvu zaidi kwa maoni yangu ni la kwanza, yaani namna mtunzi anavyogawa maarifa kati ya wahusika na hadhira. Picha, sauti na lugha, ambazo ndizo huvutia macho ya wachambuzi wengi, mara nyingi hufanya kazi ya kuutekeleza mgao huo.

Wazo hili lina mizizi ya kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa wa Ugiriki Aristotle alieleza kwamba tamthilia ya tanzia huamsha huruma na hofu, akaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: hisia hizo zinapaswa kutoka katika mpangilio wenyewe wa matukio, kiasi kwamba hata mtu anayesikia hadithi bila kuona chochote jukwaani atetemeke na kuhurumia. Kwa maneno mengine, mavazi, mandhari na vifaa vya jukwaani vinaweza kusaidia, lakini kazi kubwa imekwisha kufanyika pale mtunzi alipoamua lipi litangulie na lipi lifuate. Ndiyo maana inawezekana kuzungumzia filamu na riwaya katika uchambuzi mmoja, ingawa moja hutumia mwanga na nyingine hutumia maneno.

Mwongozaji Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966, alitoa mfano ambao bado unafaa kufundishia. Watu wameketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa hadhira haijui, bomu likilipuka itapata mshtuko wa sekunde 15. Ikiwa hadhira imeonyeshwa bomu likitegwa na inaiona saa ukutani, mazungumzo yaleyale yasiyo na maana yoyote yanageuka kuwa dakika 15 za taharuki, kwa kuwa kila mtazamaji anatamani kuwapigia kelele wahusika waondoke. Hakuna kilichobadilika mezani. Maneno ni yaleyale, waigizaji ni walewale, na bomu ni lilelile. Kilichohama ni maarifa, kutoka kwa aliyelitega kwenda kwa anayetazama.

Watu wengi hudhani kwamba taharuki inahitaji hadhira isijue mwisho. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inaonyesha kinyume chake. Msomaji au mtazamaji anaifikia akiwa tayari anajua kwamba katika Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, maji ya dawa ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga hayakuzuia risasi. Wahusika hawajui. Kwa hiyo kila wanapoonyesha imani yao, kila wanaposhangilia umoja walioupata kwa ajili ya maji hayo, furaha yao inamchoma mtazamaji kuliko ambavyo kilio kingemchoma. Hii ndiyo kazi ya kinaya cha kidrama: pengo kati ya anachojua mhusika na anachojua mtazamaji linakuwa chanzo cha uchungu, na kadiri mhusika anavyozidi kuwa na matumaini ndivyo pengo linavyozidi kuumiza. Utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba wasomaji walioelezwa mapema mwisho wa hadithi fupi walizifurahia zaidi, kwa jumla, kuliko wasioelezwa. Tafiti nyingine za baadaye zimetoa matokeo tofauti, hivyo jambo hili si kanuni, lakini linatosha kutuonya tusiamini kwamba siri ya mwisho ndiyo roho ya kila hadithi.

Mtunzi anaweza pia kuugeuza mgao huo, akamwacha msomaji nyuma ya mhusika. Hadithi za upelelezi hufanya hivyo, na hisia inayozaliwa humo ni udadisi zaidi kuliko woga. Kisengere nyuma hutumika mara nyingi kwa lengo hilo: msomaji anakutana na tabia ambayo haielewi, anaihukumu, kisha anarudishwa nyuma na kuonyeshwa jeraha lililoizaa, na hukumu yake inageuka kuwa huruma iliyochanganyika na aibu kidogo. Nguvu ya mbinu hiyo inategemea kwamba maelezo yalicheleweshwa. Yangetangulia, huruma ingekuja bila aibu na isingedumu.

Jambo la pili ni umbali. Msimulizi wa nafsi ya kwanza humfungia msomaji ndani ya kichwa kimoja, akaona kile tu ambacho mhusika huyo anakiona na kurithi makosa yake. Msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote anaweza kuingia katika kila moyo, lakini hulipa gharama, kwa sababu msomaji anayewaelewa wote kwa usawa huwa hana upande wa kuutetea kwa dhati. Kamera hufanya hesabu hiyohiyo kwa njia ya ukubwa wa picha. Picha ya mbali humwonyesha mtu akiwa mdogo ndani ya mandhari, picha ya karibu huujaza uso wake kwenye skrini yote, na mtazamaji huelekea kumwonea huruma yule ambaye uso wake amekaa nao muda mrefu.

Hata hivyo, uso peke yake hausemi mengi kama tunavyofikiri. Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov aliunganisha picha moja ya uso uliotulia wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha mbalimbali, zikiwemo za supu na za mtu aliyekufa ndani ya jeneza. Kwa masimulizi ya mwenzake Vsevolod Pudovkin, watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha kuzama katika mawazo mbele ya supu na huzuni mbele ya maiti, ilhali uso ulikuwa uleule. Filamu yenyewe ya jaribio hilo haijahifadhiwa, na majaribio ya baadaye yaliyolirudia wazo lake hayakukubaliana yote juu ya ukubwa wa athari hiyo. Kanuni iliyobaki mikononi mwa wahariri wa filamu, hata hivyo, imethibitishwa na kazi yao ya kila siku: watazamaji huvuta maana kutoka picha iliyotangulia na kuibandika kwenye ile inayofuata, kisha wakaamini kwamba wameiona usoni.

Lugha ina namna yake ya kufanya kazi hiyo. Sentensi "Mama alikuwa na wasiwasi mwingi" inampa msomaji taarifa. Anaipokea na kuendelea. Sentensi "Mama aliinua simu, akaitazama, akairudisha mezani ikiwa imelala kifudifudi" haitaji wasiwasi popote, na msomaji analazimika kuutafuta mwenyewe. Hisia aliyoitafuta humshika zaidi, kwa kuwa sehemu yake ameitengeneza yeye. Lakini nisingependa mwandishi chipukizi aichukulie hii kuwa sheria. Zipo nyakati ambapo kutaja jambo kwa ukavu, kwa mfano kifo kutajwa katikati ya sentensi inayohusu shughuli nyingine kabisa, huumiza kuliko kurasa tatu za maelezo ya kitandani mwa mgonjwa.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe ni chombo cha hisia, na inashangaza kwamba haizungumzwi vya kutosha katika uchambuzi wa riwaya zetu. Kiambishi -ka- husukuma tukio moja nyuma ya jingine: "Alisikia hodi, akainuka, akachukua taa, akafungua." Msomaji anabebwa, hana mahali pa kusimama. Ukibadilisha na kuandika "Hodi ilikuwa ikipigwa. Taa ilikuwa ikififia, naye alikuwa bado ameketi, akisikiliza," kiambishi -ki- kinaliacha kila tendo wazi, halijaisha, na msomaji anabaki chumbani pamoja na mhusika akingoja. Mwandishi mzuri wa matukio ya hofu huchanganya namna hizi mbili kwa makusudi: anatumia -ki- na -me- kurefusha kusubiri, kisha anaachia mfululizo wa -ka- pale hatari inapofika.

Hapo tumekwisha kuingia katika jambo la tatu, ambalo ni muda. Filamu haina wajibu wa kuheshimu saa. Katika tukio la ngazi za Odessa la filamu Battleship Potemkin ya mwaka 1925, mwongozaji Sergei Eisenstein alikatakata mwendo wa watu wanaowakimbia askari kushuka ngazi na kuurudia kutoka pembe nyingi, hata mteremko ukachukua muda mrefu kuliko ambavyo ungechukua katika hali halisi. Mtazamaji anahisi kwamba ngazi hazina mwisho. Ushairi nao huupima muda kwa mizani na vina: katika utenzi, kwa kawaida ubeti huwa na mishororo minne yenye mizani minane, mitatu ya kwanza ikitumia kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Sikio la msikilizaji hujifunza kukingoja kina hicho, na hata habari nzito inapoingia, humkuta akiwa tayari ndani ya mdundo unaomtuliza na kumshikilia kwa pamoja.

Sauti inastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa ndiyo mbinu inayofanya kazi bila hadhira kuitambua. Katika filamu Psycho ya mwaka 1960, Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni yasiwe na muziki. Mtunzi wa muziki Bernard Herrmann akauandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi pekee kama alivyofanya katika filamu nzima, na mwongozaji alipousikia akaukubali. Leo ni vigumu kulifikiria tukio hilo bila zile nyuzi zinazopiga mayowe.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa filamu Jaws ya mwaka 1975. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara majini, na Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa. Mtunzi wa muziki John Williams akaijaza nafasi hiyo kwa noti mbili zinazorudiwa na kuongeza kasi. Kinachofaa kuangaliwa ni uaminifu wa muziki huo. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, muziki haupigwi, na mtazamaji makini anajifunza bila kuambiwa kwamba noti zile hulia tu papa wa kweli anapokuwapo. Baada ya kumfundisha hivyo, filamu inamtoa papa majini nyuma ya mashua, wazi kabisa, bila noti hata moja, na watazamaji wanaruka vitini. Muziki ulikuwa umekuwa chanzo cha maarifa, na mwongozaji akawanyima watazamaji maarifa hayo wakati mmoja tu uliomfaa. Fanani wa ngano hutumia wimbo kwa namna inayofanana: hadhira inauitikia kwa furaha mara ya kwanza, na wimbo uleule ukirudi wakati mhusika yumo hatarini, kuitikia kwenyewe kunageuka kuwa kuomba.

Umuhimu wa maarifa haya hauishii kwenye burudani. Melanie Green na Timothy Brock, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, waliona kwamba wasomaji waliozama zaidi katika hadithi walikubaliana zaidi na imani zilizobebwa na hadithi hiyo na waliona dosari chache zaidi ndani yake, na kwamba kuambiwa kuwa hadithi ni ya kweli au ya kubuni hakukuleta tofauti kubwa. Ngazi za Odessa ni ushahidi wa aina nyingine. Ghasia na mauaji yalitokea katika mji huo mwaka 1905, lakini tukio la ngazini kama linavyoonekana katika filamu lilibuniwa na mwongozaji; hata hivyo limeingia katika kumbukumbu za watu wengi kama historia. Ukilitazama upya utaona pia jinsi nyuso zilivyogawanywa: wanaokimbia wanapewa picha za karibu, mmoja baada ya mwingine, huku askari wengi wakionekana kama safu ya buti na bunduki.

Mbinu hizohizo zimo katika video fupi za habari, za kampeni na za matangazo zinazotufikia kila siku kwa simu, na anayetaka kuzichambua hahitaji vifaa. Aitazame video mara ya pili akiwa amezima sauti, aone ni kiasi gani cha hasira au huruma yake kinabaki. Aangalie ni nani aliyepewa uso na nani aliyeachwa mbali. Kisha aangalie pale video inapoanzia, kwa kuwa mkato wa kwanza ndio unaoamua nani ataonekana mchokozi na nani ataonekana anajitetea, na kilichotangulia mkato huo hakimo tena mbele yake. Inampasa akitafute kwingine kabla ya kuisambaza.