Penseli si ya darasa la kwanza tu: dhana potofu na ukweli wake

Mtoto wa shule huanza na penseli, na siku anaporuhusiwa kushika kalamu ya wino huonekana amekua. Kuanzia hapo penseli huachiwa seremala, mchoraji na mwanafunzi wa jometri. Naona ni hasara kubwa. Kwa anayeandika kila siku, anayepanga bajeti ya mwezi, anayeandaa somo au kuchora ramani ya kiwanja, penseli nzuri ni raha ambayo kalamu ya wino haiwezi kuitoa: unasikia karatasi chini ya ncha, na unaamua mwenyewe mstari uwe mzito au hafifu. Mengi yanayowafanya watu wazima waikwepe si ya kweli.

"Ndani yake kuna risasi, ukiitafuna utakula sumu"

Hakuna risasi. Kiini cha penseli ni grafaiti, ambayo ni kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kosa hili lilianza karne ya 16 kule Borrowdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ilikopatikana grafaiti safi kiasi kwamba ilikatwa vijiti na kuandikiwa hivyohivyo. Kwa rangi na ulaini wake watu waliidhani ni aina ya risasi, na jina hilo likasambaa hadi kwetu, ambako wazee wengi bado husema kalamu ya risasi. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba ni kaboni.

Grafaiti ya Borrowdale ilitumika pia katika kalibu za kuundia tufe za mizinga, na thamani yake ilipanda hadi Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1752 ya kuwaadhibu walioiiba. Ufaransa ilipokuwa vitani na Uingereza, mali hiyo haikufika tena Paris. Hapo ndipo Nicolas-Jacques Conté alipochukua grafaiti ya hali ya chini, akaisaga, akaikanda na udongo na maji, akaichoma tanurini. Alipata hataza mwaka 1795, na penseli za mbao tunazonunua leo bado zinafuata njia yake. Siku hizi kiini kikishachomwa huchovywa katika nta iliyoyeyuka ili kiteleze vizuri kwenye karatasi.

Kilichokuwa na risasi kweli, katika baadhi ya penseli za zamani, ni rangi iliyopakwa nje ya mbao. Kwa hiyo aliyemkataza mtoto kutafuna penseli hakukosea, ila sababu yake haikuwa ndani ya kiini. Na grafaiti si kitu cha mbali: Mahenge wilayani Ulanga na Ruangwa mkoani Lindi kuna akiba kubwa ya madini hayohayo.

"Ukiilamba ncha, inaandika vizuri zaidi"

Tabia hii ilitoka kwa penseli kopi, zilizochanganywa na rangi ya kemikali iliyogeuka wino wa zambarau ikipata maji. Hizo hazikupaswa kuwekwa mdomoni hata kidogo. Penseli ya grafaiti haipati lolote kwa mate zaidi ya kulowesha karatasi.

"HB ndiyo penseli sahihi, nyingine ni za wasanii"

Imani hii imejengwa na mitihani. Aliyefanya mtihani wa darasa la saba akisiliba majibu kwenye fomu, au KCPE kule Kenya kabla haijafutwa, aliambiwa aje na HB, na akaondoka akiamini kwamba mashine haisomi kitu kingine. Mashine ya kusahihisha iliyotangulia kuenea, IBM 805 ya mwaka 1938, ilipitisha umeme kwenye alama, na grafaiti ikawa ndiyo njia ya umeme, wino haukufaa. Zilizofuata zinapima mwanga na giza. HB inaagizwa kwa sababu iko katikati: inakolea vya kutosha kusomeka, haichafui karatasi, na hufutika bila kuacha kivuli kizito.

Herufi hizo zinaeleza uwiano wa grafaiti na udongo katika mchanganyiko wa Conté. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari hafifu, huo ndio upande wa H. Grafaiti ikizidi, kiini huwa laini na cheusi, upande wa B. Namba ikiongezeka, sifa inazidi. Mitsubishi ya Japani huuza penseli ya Hi-uni kwa viwango 22, kuanzia 10H hadi 10B. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba HB ya kiwanda kimoja si HB ya kingine. Kwa kawaida HB ya Kijapani, ya Mitsubishi au Tombow, huwa nyeusi na laini kuliko ya Staedtler au Faber-Castell za Ujerumani. Aliyejaribu HB moja ngumu akasema penseli haikolei hakujaribu penseli. Alijaribu penseli moja.

Kwa kuandika kwenye daftari la kawaida mimi hushika 2B. Haihitaji kukandamizwa, na mkono hauchoki mapema. Anayeandika kwa mkono wa kushoto atapata shida na 2B kwa sababu kiganja kinapita juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika. Huyo HB au F, iliyo kati ya HB na H, inamfaa zaidi. Katika kuchora, usitafute giza kwa kukandamiza H. Badilisha penseli, maana karatasi iliyochimbika haifutiki.

"Inavunjika ovyo kwa sababu ni ya bei rahisi"

Mara nyingine ndivyo. Lakini kabla ya kuilaumu, itazame mkiani. Penseli ya mbao hutengenezwa kwa vibao viwili vilivyochimbwa mifereji: viini hulazwa kwenye kimoja, cha pili hubandikwa juu kwa gundi, kisha penseli hukatwa moja moja. Vibao visipokutana sawasawa, kiini hukaa upande, na kichongeo kitakula mbao zaidi upande mmoja hadi ncha ing'oke. Dukani chagua ile ambayo doti nyeusi iko katikati kabisa. Nataraj ya Kihindi yenye kiini kilichonyooka itakutumikia kuliko penseli ya gharama iliyopinda.

Sababu nyingine ni kichongeo butu, kinachopinda kiini badala ya kukikata, na penseli iliyoangushwa sakafuni, ambayo kiini chake huvunjika vipande ndani bila dalili yoyote nje. Wembe uliozoeleka mashuleni haustahili kudharauliwa, ingawa si wa kumwachia mtoto. Wachoraji huchonga kwa kisu ili wapate ncha ndefu, ya kuandikia kwa kilele na kujazia kivuli kwa ubavu. Kichongeo kidogo hakiwezi kutoa ncha ya namna hiyo.

Na mbao yenyewe ina maana. Inayosifiwa ni mwerezi wa California, kwa kuwa inakatika kwa ulaini bila kupasuka. Kabla ya hapo ulitamba mwerezi mwekundu wa mashariki mwa Marekani, na ulipoadimika, viwanda vya Ulaya viligeukia milima yetu: mwangati, unaoitwa pia mtarakwa, wa nyanda za juu za Kenya na wa Usambara. Wakati wa Wajerumani ilijengwa njia ya waya kushusha magogo kutoka Shume hadi reli ya Mkumbara. Kwa Kiingereza mti huo bado una jina la penseli. Anayepita misitu ya Lushoto leo na kuona mwangati uliosalia anatazama mti uliokuwa ukiandika barua za Ulaya.

"Penseli ya kubonyeza ni ya wahandisi, na kiini chake ni dhaifu"

Hataza ya penseli ya kiini kinachosogezwa ilitolewa Uingereza mwaka 1822 kwa Sampson Mordan na John Isaac Hawkins, na zilibebwa na watu wa kila aina. Kilichobadilisha mambo ni kiini chenyewe. Udongo hauwezi kutoa kijiti chembamba chenye nguvu. Mwaka 1960 Pentel ya Japani ikatoa kiini kilichounganishwa kwa polima badala ya udongo, kisha kikachomwa. Ndiyo maana kiini cha milimita 0.5 huandika cheusi na kustahimili mkono wa kawaida.

Kikikatika kila mara, karibu daima sababu ni mojawapo ya mbili. Umekitoa kirefu mno: bonyeza mara moja au mbili, basi. Au mkono wako ni mzito: hamia 0.7 au 0.9, na uchague 2B. Ubutu wa upande mmoja nao umepatiwa dawa. Tangu 2008 Kuru Toga, penseli ya kubonyeza ya Mitsubishi, huzungusha kiini kidogo kila unapoinua mkono. Nazipenda kwa mahesabu na maandishi madogo. Kwa kivuli na mistari inayonenepa na kukonda, narudi kwenye mbao.

Hapa ndipo pa kuizika pia ile hadithi kwamba Wamarekani walitumia mamilioni kubuni kalamu ya angani wakati Warusi walibeba penseli. NASA nayo ilibeba penseli, za kubonyeza, na mwaka 1965 iliagiza 34 kwa dola 128.89 kila moja, bei iliyozua malalamiko. Kalamu ya angani iliundwa na Paul Fisher kwa fedha zake mwenyewe. Vipande vya kiini vinavyoelea ndani ya chombo hupitisha umeme, na mbao hushika moto, kwa hiyo kalamu ilikuwa suluhisho la kweli. Mwaka 1969 Warusi nao waliagiza 100.

"Maandishi ya penseli hupotea"

Yanafutika, hayapauki, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kaboni haibadiliki kwa jua wala haiyeyuki kwa maji, ilhali wino mwingi wa rangi hufifia dirishani na kutawanyika ukimwagikiwa chai. Watafiti wanaohifadhi samaki au mimea ndani ya spiriti huweka lebo ya penseli humohumo ndani ya chupa. Hundi na mikataba hukataa penseli kwa sababu mtu anaweza kuigeuza tarakimu, basi.

Adui wake ni msuguano. Daftari la penseli lisipakiwe likicheza ndani ya mkoba, na mchoro uwekewe karatasi laini juu yake au upuliziwe dawa ya kushikiza grafaiti, nje ya nyumba penye hewa. Mstari wa H uliokandamizwa huacha mfereji hata baada ya raba, na wa 2B huondoka bila kuacha mfereji lakini huacha doa la kijivu. Kwa hiyo rasimu utakayoibadilisha sana iandikwe kwa HB, kwa mkono mwepesi.